Mgonjwa Haulizwi Uji

Wahenga walisema, "Mgonjwa haulizwi uji." Methali hii tulifundishwa tulipokuwa Kidato cha Pili, na mwalimu wetu wa Kiswahili alitueleza maana yake vizuri: mtu akiwa hoi kitandani, usimwendee na kumwuliza, "Je, nikupikie?" Wewe mpikie, umpelekee. Wenzangu waliipenda sana. Mimi nami niliiandika daftarini kama wengine, lakini mkono wangu ulikuwa mzito, kwa kuwa naujua uji mmoja ambao mgonjwa wake hakuulizwa neno. Habari za uji huo ndizo ninazotaka kuwasimulieni, ninyi wanafunzi wenzangu, na ninyi kaka zetu mliokwisha maliza hapa.

Kwetu ni Bundibugyo, ng'ambo ya milima ya Rwenzori, karibu na mto Lamia, ambao ndio mpaka wetu na Kongo. Kiswahili changu cha kwanza sikukipata darasani. Nilikipata sokoni, kwa akina mama waliovuka kutoka Kongo kuja kuuza mafuta ya mawese na vitenge. Nchi yetu ni ya joto, na Baba na Mama hulima kakao. Tulizaliwa watoto watano. Wawili tulizaliwa na ugonjwa ambao watu wengi huuita sikoseli, na vitabuni huitwa selimundu. Mmoja ni mimi. Wa pili alikuwa kaka yangu, aliyenipita kwa miaka minne.

Kwa wasioujua ugonjwa huu, nitaueleza kwa maneno machache. Chembe nyekundu za damu ya mtu mzima ni za mviringo, tena laini, nazo hupita bila shida katika mishipa iliyo myembamba sana. Zetu hujipinda kama mundu, zikawa ngumu, zikashikana, zikaziba njia. Basi pale palipozibwa huuma. Watu huniuliza, "Huuma namna gani?" Wewe uliyewahi kubanwa kidole na mlango, jaribu kufikiri kwamba kidole hicho hakitoki mlangoni kwa siku tatu, tena si kidole, ni paja zima. Baridi huyaleta maumivu hayo, na kiu, na uchovu, na homa ya malaria. Tena chembe zetu hufa upesi kuliko za watu wengine, kwa hiyo damu yetu ni haba siku zote.

Ugonjwa huu hauambukizi, wala haukuletwa na uchawi. Mtoto huupata akirithi damu ya mundu kwa baba na kwa mama pia. Aliyerithi kwa mzazi mmoja tu huwa hana ugonjwa, naye aweza kuishi mpaka uzee asijue alichonacho. Mwaka 1949 madaktari wawili, Lehmann na Raper, walitoa habari za damu ya makabila mengi ya Uganda, na kwetu Bwamba waliiona alama hiyo katika watu 45 hivi kwa kila 100. Na mwaka 1954 daktari Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha sababu: yule aliyerithi upande mmoja hukingwa asiuawe na malaria. Niliposoma habari hiyo nilikaa kimya muda mrefu. Damu iliyowaokoa babu zetu katika bonde la mbu ndiyo hiyo hiyo iliyomwua kaka yangu.

Kaka alikuwa na akili nyingi, na Baba alitaka asome shule ya bweni. Katika shule ya kwanza waliyoiendea, Baba alisema kweli yote, naye akaambiwa, "Mzee, mchukue mtoto wako. Hatutaki atufie hapa." Wakaenda shule ya pili. Huko walipewa karatasi ya kujaza, na mstari mmoja uliuliza, "Je, mtoto ana ugonjwa wa kudumu?" Baba aliandika, "Hapana." Baba yangu si mwongo. Nimeishi naye miaka kumi na tisa, na hilo ndilo neno moja la uongo nijualo kwamba aliliandika. Njiani alimwusia Kaka asimwambie mtu yeyote.

Ikawa katika muhula wa tatu, wakati wa mvua, wanafunzi walitumwa kubeba matofali, na mvua ikawakuta huko. Usiku Kaka alishikwa na homa na maumivu ya mifupa. Walidhani ni malaria tu, kwa maana kila mtu huugua malaria. Matroni wa shule hiyo alikuwa mama mwema. Alimpa vidonge, akamfunika blanketi lake mwenyewe, na asubuhi akamletea uji wenye maziwa na sukari kutoka nyumbani kwake. Kaka hakuweza kuunywa. Haja yake ilikuwa maji mengi, na kupelekwa hospitali upesi, na mtu wa kumwita Baba. Lakini hakuulizwa, naye alikuwa ameusiwa asiseme. Siku ya pili walipomfikisha hospitali damu yake ilikuwa imekwisha kabisa, na kabla ya kupatikana damu ya kumwongezea, akafa. Alikuwa na miaka kumi na mitano.

Sanduku lake lilipoletwa nyumbani, Mama alikuta ndani yake kikombe cha bati, na uji umekauka ndani ya kikombe. Kwa muda mrefu hakukubali kioshwe.

Matroni yule alikuja matangani. Alilia sana, akamwambia Mama, "Mama, laiti ningalijua!" Mama hakumjibu. Aliyejibu ni Baba. Alisema, "Hukuambiwa." Kisha akatoka nje, akaenda akakaa peke yake chini ya mikakao.

Ndiyo sababu simlaumu matroni yule hata leo. Aliufuata wema kama alivyofundishwa: alimpikia mgonjwa, akampelekea. Lakini nilijifunza siku zile kwamba wema usiouliza waweza kukaa kando ya kitanda usiku kucha, na mgonjwa akafa.

Zamu yangu ya kwenda shule ya bweni ilipofika, mjomba wangu mmoja alisema kwamba ada ya mtoto kama mimi ni maji yaliyomwagwa mchangani. Sikuwa na jibu siku ile, lakini sasa ninalo. Mgonjwa wa kwanza ambaye madaktari wa Ulaya na Marekani waliandika habari za damu yake ya mundu alikuwa mwanafunzi kama sisi. Jina lake Walter Clement Noel, mwenyeji wa kisiwa cha Grenada. Mwaka 1904 alikwenda Chicago kusomea udaktari wa meno, akaugua mara kwa mara katika baridi ya kule, na mwaka 1910 Daktari Herrick akaandika habari za chembe zake. Lakini yeye mwenyewe alikuwa amekwisha maliza masomo yake, akarudi kwao Grenada, akafanya kazi ya meno mpaka alipofariki mwaka 1916. Hakuishi miaka mingi, bali ada yake haikumwagwa mchangani.

Basi karatasi ya shule yetu hii ilipoletwa nyumbani, swali lilikuwa lile lile. Baba alishika kalamu, akanyamaza. Mama akaichukua kalamu mkononi mwake bila kusema neno. Aliandika mpaka mstari ukajaa, akaendelea nyuma ya karatasi. Shule yetu ilisoma pande zote mbili, ikanipokea. Kwa hilo naishukuru.

Lakini kupokewa ni mwanzo tu. Mnajua jinsi asubuhi za huku juu zilivyo, ukungu hata mtu hamwoni mwenzake. Katika mwaka wangu wa kwanza sheria ilikuwa kwamba sote tukimbie kabla ya jua kutoka, tuoge maji ya baridi, tusivae sweta mpaka tumeruhusiwa, na chupa ya maji isiingie darasani. Mwaka ule nilianguka mara nne. Kila mara nilihurumiwa sana. Waliniletea soda, waliniletea mikate, waliniombea, na uji ndio usiseme. Kisha nilipopona nilirudi katika ukungu ule ule, nikaanguka tena.

Sista wa chumba cha wagonjwa ndiye aliyenifungua macho. Siku moja alikaa kitandani kwangu akaniambia, "Mwanangu, mimi najua dawa. Lakini wewe ndiwe unayeijua siku yako, tangu asubuhi hata usiku. Wahitaji nini? Andika." Niliandika kwa siku mbili, nikafuta mengi, yakabaki matano. Kwanza, niwe na chupa ya maji darasani na ruhusa ya kutoka, kwa sababu figo zetu hazizuii maji vizuri, nasi hutoka mara nyingi. Pili, nivae sweta na soksi siku zote, nami nipate beseni moja la maji ya moto. Tatu, badala ya kukimbia na kulima mvuani nipewe kazi nyingine, wala nisikae bure. Nne, nikisema naumwa, niende kwa Sista saa ile ile, hata usiku, bila kungoja cheti cha mwalimu wa zamu. Tano, nikikosa jaribio kwa ugonjwa, nisiandikiwe sifuri.

Nilimpelekea Bwana Mkuu barua hiyo mwenyewe. Aliisoma, akaniambia, si kwa ukali, "Kijana, sheria ya shule ni moja kwa wote. Nikikupa wewe, nitawanyimaje wengine?"

Nilikuwa natetemeka, lakini nilimjibu, "Ni kweli, Bwana. Sheria yasema sote tuvae viatu vyeusi, nasi twavaa. Lakini haisemi sote tuvae namba saba."

Alitazama viatu vyangu, kisha akatazama vyake. Akasema, "Iache barua hapa." Baada ya siku tatu aliniita, akanikubalia manne. La tano alilikataa. Alisema mtihani ni mtihani, na anayefanya baadaye atawauliza wenziwe maswali.

Manne hayo yalibadili maisha yangu. Mwaka uliofuata nililala chumba cha wagonjwa mara moja tu. Kazi niliyopewa ni kutunza maktaba, nami nadhani wote mtakubali kwamba vitabu havijapata kukaa katika safu namna hii. Hata dawa zimesogea mbele. Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa watoto zaidi ya 600 katika miji minne ya Afrika, nayo ni Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale yetu, kuhusu dawa iitwayo hidroksiyurea. Ilionekana kwamba watoto wale walipungukiwa na maumivu, na malaria, na haja ya kuongezwa damu. Mimi sasa naimeza kila siku. Ikikosekana hospitalini Mama hupima kakao kavu sokoni, akainunua dukani. Lakini dawa haiondoi haja ya maji wala ya sweta, wala Mama hana kakao isiyo na mwisho.

Wenzangu hawakupenda mapema. Walisema nimekuwa mwana wa mfalme, na mmoja wao, aliyelala kitanda cha juu yangu, akanibandika jina la Bwana Sweta, ambalo wengine mnanijua kwalo mpaka leo. Sikukasirika sana. Mtu anayekimbia katika ukungu, akamwona mwenzake amesimama mlangoni amevaa sweta, lazima aseme neno.

Usiku mmoja maumivu yalinishika mgongo na miguu yote miwili. Nilijaribu kunyamaza, lakini kitanda chetu hulia. Yule wa juu akashuka. Nilidhani ataanza kunipa pole kama watu wote. Hakunipa pole. Aliniuliza, "Nikufanyie nini?" Tangu nizaliwe hakuna mtoto wa rika langu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilimwambia, "Nipe maji. Usiniguse mguu. Mwite Sista." Yalikuwa mambo matatu, naye aliyafanya yote matatu, katika taratibu hiyo hiyo. Maji alinipa kwa kikombe cha bati nilichokuja nacho kutoka nyumbani. Mama alikuwa amekiosha siku niliyoanza shule, akanipa. Nilipotoka chumba cha wagonjwa baada ya siku nne, aliniita Bwana Sweta kama kawaida yake.

Sasa naja kwenye lile la tano, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mwaka jana, muhula wa pili, nililazwa hospitali wiki tatu. Majaribio mawili yalinipita. Taarifa yangu ilipotoka iliandikwa sifuri mara mbili, nami nikawa wa nne kutoka mwisho. Baba aliisoma taarifa ile mara nyingi. Hakuniuliza kitu. Nilimwona tu akiweka kidole juu ya sifuri ile, kama mtu anayetafuta kama kuna neno chini yake.

Ndugu wasomaji, sifuri ina maana yake. Husema, "Mtoto huyu aliulizwa, naye hakujua." Mimi sikuulizwa. Nilikuwa nimelala, na damu ya mtu nisiyemjua ikiingia mkononi mwangu tone kwa tone. Kwa hiyo sifuri ile si ukali wala si ulegevu. Ni habari isiyo ya kweli iliyoandikwa katika karatasi ya shule. Nyumbani kwetu twajua habari isiyo ya kweli katika karatasi ya shule yaweza kuleta nini.

Simwombi mtu anipe alama ambazo sikuzifanyia kazi. Bwana Mkuu ana haki kuogopa udanganyifu. Naomba jambo dogo zaidi: aliyekuwa mgonjwa kwa ushahidi wa Sista au wa hospitali, pale pa jaribio alilolikosa paandikwe "mgonjwa", na alama zake za muhula zihesabiwe katika yale aliyoyafanya tu. Haihitaji mtihani wa pili, wala haimgharimu mwalimu chochote ila wino. Watu hubishana kama ugonjwa wetu ni ulemavu au sio. Siku ya maumivu siwezi kutembea. Siku nyingine hunishindi mchezo wa bao. Lakini mapatano ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2006 juu ya haki za watu wenye ulemavu, ambayo Uganda iliyathibitisha mwaka 2008, yanasema kwamba kumnyima mtu badiliko linalomfaa, lisilo mzigo mkubwa mno, ni namna ya kumbagua. Neno moja badala ya sifuri si mzigo mkubwa.

Wala sijiombei mwenyewe. Mimi naondoka mwisho wa mwaka huu, na sifuri zangu naziacha pale zilipo. Lakini katika Kidato cha Kwanza wako wadogo wawili wenye chupa za maji darasani. Hakuna aliyewaita wana wa mfalme, nami nafurahi. Hao nao watalazwa siku moja.

Na ninyi kaka zetu mliotoka hapa, wengine ni walimu wakuu, wengine waganga, wengine mmekaa katika halmashauri za shule. Nawaombeni mambo mawili. La kwanza, pimeni damu zenu kabla ya kuoa. Uchunguzi wa nchi nzima uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba watoto 13 hivi katika kila 100 wa Uganda wamerithi mundu kwa mzazi mmoja. Sisemi mtu asimwoe ampendaye. Nasema ajue, ili mtoto wake asije akajulikana kwa mara ya kwanza siku ya kufa. La pili, karatasi ya mtoto ikifika mezani kwenu, na baba yake ameandika "Ndiyo" katika mstari ule, msimrudishe nyumbani. Mkimrudisha, katika shule ya pili ataandika "Hapana".

Methali ya wahenga siipingi. Mgonjwa asiyeweza hata kufumbua kinywa asiulizwe; apewe. Lakini sisi tulio wengi twaweza kusema, na tumekaa karibu. Tuulizeni.